Filimbi Iliyonyamaza Dobini

Shemeji yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti atakishika mgongo, atakifuta, atakisogeza, kisha atasimama kando yake kama mtu anayekiuza. Ndiyo maana wenzake wa dobini walimwita Kiguu-na-Njia, na jina likamganda hata mwenye kiwanda akawa analiandika kwenye orodha ya zamu. Marehemu mdogo wangu, aliyekuwa mumewe, alikuwa akisema kwamba katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kumwona akikaa chini tangu mwanzo wa mlo hadi mwisho wake. Simwandiki kwa sababu ni wa nyumbani kwetu. Wa nyumbani ninao wengi, na baadhi yao hawastahili wino. Namwandika kwa sababu habari yake ilisimuliwa kwenye simu za watu wengi sana, na wote waliisimulia vibaya.

Dobi lenyewe ni kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali. Ni jengo refu la matofali lenye madirisha ya juu yasiyofunguka. Ukiingia, kushoto ziko mashine za kufulia, kulia ghala la marobota, na katikati ukumbi wa pasi za mvuke: meza ishirini na sita, kila meza na watu wanane wanaopiga, kukunja na kufunga. Chini ya kila meza kuna pedali. Ukiikanyaga, mvuke unatoka kwenye pasi kwa kishindo kama mtu mzima anayepiga chafya. Mvuke huo unatoka kwenye boila iliyo katika kibanda cha nyuma, na boila hiyo niliichochea mimi kwa miaka thelathini na mmoja.

Wakati wangu mkaguzi wa serikali alikuja kila mwaka. Alikuwa mtu mfupi, ana nyundo ndogo mfukoni, na hakunywa hata maji ya kiwandani asije akaambiwa amepewa kitu. Tulizima moto siku mbili nzima boila ipoe, naye akaingia ndani kwa tumbo, akagonga bati moja baada ya jingine, sikio karibu, jinsi mganga anavyosikiliza kifua. Akitoka amejaa masizi, alichukua patasi zake za tarakimu akapiga mwaka kwenye kibati cha shaba kilicho mbele ya boila. Mwenye kiwanda wa enzi hizo, baba wa huyu wa sasa, alisimama mlangoni na kofia mkononi mpaka kazi iishe. Nasema alivua kofia. Leo ukimwambia kijana kwamba tajiri aliwahi kumvulia kofia mtumishi wa serikali, anadhani unamtungia hadithi.

Juu ya boila kuna vali ya usalama. Sisi tuliiita filimbi. Mvuke ukizidi kiasi vali hufunguka yenyewe na kupiga ukelele unaofika mtaa wa tatu. Saa nne asubuhi ukumbi mzima unaacha pasi kwenda kunywa chai, mvuke unakosa pa kwenda, na filimbi inalia. Kila siku ilikuwa hivyo. Mwenye duka la ng'ambo alifungua soda yake ya kwanza kwa filimbi ile, na walimu wa shule ya jirani walitoa watoto mapumziko bila kutazama saa.

Siku moja filimbi haikulia. Siku ya pili pia. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, masikio yangu yamechoka, nikadhani ni mimi. Shemeji yangu hakudhani hivyo. Alimwendea mnyapara wa ukumbi akamuuliza kulikoni, naye akamjibu kwamba boila imerekebishwa, haina tena makelele, na kama alikuwa anapenda kelele anunue redio. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kibandani kumuuliza mchochezi aliyechukua nafasi yangu, bwana mmoja wa makamo aliyetolewa ghala la marobota bila kufundishwa hata wiki moja, nasi tukampa jina la Mtaalamu. Mtaalamu alimwambia kwamba yeye akifika saa nne huufunga mlango wa hewa ili moto ulale, kisha anakunywa chai yake. Kuhusu filimbi hajui, aliikuta hivyo.

Tangu siku hiyo mwanamke huyu hakupata raha. Alikuwa akipiga pasi huku ameugeuzia ukuta wa nyuma sikio moja. Alikuja kwangu karibu kila jioni kabla jua halijazama, anazunguka sebule, ananiuliza bati likichakaa linaanzia wapi, mvuke ukizidi unapasua nini kwanza. Nilimwambia ukweli, maana mimi si mtu wa kupaka maneno asali: boila ikipasuka, ukuta wa nyuma unaingia ukumbini, na meza ya kwanza kukutana nao ni ya nne. Meza ya nne ni yake.

Kibati cha shaba kilikuwa na mwaka wa mwisho uliokwisha muda wake. Siku ya ukaguzi mwingine ilikuwa imefika. Basi akaomba ruhusa ya nusu siku akaenda ofisi ya wakaguzi. Alikuta karani mmoja na meza tano tupu. Karani akamweleza kwa upole kwamba wamepata waraka kutoka juu: ukaguzi wowote usubiri muswada mpya. Muswada ukipita, hakutakuwa na wakaguzi tena wa boila, wala wa lifti, wala wa mizani ya sokoni. Mwenye mali ataingia kwenye mtandao, ajaze fomu, na kwenye swali la kama boila yake ni salama atabonyeza Ndiyo au Hapana. Wenyewe waliita jambo hilo kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo. Nimeishi miaka sabini na minne, bado sijaonyeshwa mfanyabiashara atakayebonyeza Hapana.

Kwenye ngazi za ofisi hiyohiyo ndipo alipokutana na wakili mmoja kijana, dada mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Alikuwa amekuja kuuliza lilelile. Wakili akamweleza kwamba kuna vyama vimeungana kuupinga muswada: chama cha wanunuzi, umoja wa mafundi lifti, akina mama wa sokoni, wanasheria, wahandisi vijana, jumla yao kumi na saba. Wanajiita Ukaguzi Ubaki. Kwenye mitandao waliandika maneno hayo yakiwa yamegandana, na alama ya reli mbele. Kiguu-na-Njia akasema yeye hana chama, ana meza. Wakili akamwambia aje tu.

Nilimsindikiza kwenye mkutano wao mara moja, katika chumba cha chuo cha ushonaji, katikati ya vyerehani vilivyofunikwa. Nusu ya wajumbe walikuwapo, nusu walikuwa nyuso ndogo za video ukutani, mmoja umeganda mdomo wazi muda wote. Zamani tukitaka kupinga jambo tulipiga chapa kwa mashine ya mkono, vidole vikawa vyeusi wiki nzima, tukapita mlango kwa mlango, na mtu akikukubalia unamtazama machoni. Hawa walibishana saa nzima nembo ya nani ianze kwenye bango. Walikuwa na ramani ya mtandaoni ambapo mtu anachoma kidoti mahali penye mashine isiyokaguliwa. Walikuwa na kitufe cha kumwandikia mbunge barua ambayo hujaiandika wewe. Nitasema haki: ile ramani ilinigusa. Vidoti vilikuwa vingi kama tetekuwanga. Lakini kila mtu aliyeona kidoti aliweka picha ya moyo au ya kidole gumba, akaenda zake.

Shemeji yangu yeye hakuona lolote la kudharau. Alilivalia njuga jambo lile. Silaha yao kubwa ilikuwa orodha ya saini mtandaoni, ya kupelekwa mbele ya kamati ya bunge, na alipoulizwa ukumbini kwao kuna watu wangapi alisema mia mbili na nane, wote atawaleta.

Hapa inabidi nieleze desturi ya dobini, maana ndiyo iliyotuponza. Katika ukumbi wa pasi, mtu mmoja mmoja hatii saini. Mkuu wa meza ndiye anayetia, kwa niaba ya wanane wake. Robota likitoka, saini ya mkuu. Sabuni ikiingia, saini ya mkuu. Kukiwa na jambo la meza zote, wakuu wanampa mmoja wao kauli, naye anasaini kwa wote, na neno lake halirudi. Imekuwa hivyo tangu kabla yangu, na sijawahi kusikia mkuu wa meza aliyewasemea watu wake uongo. Hapana, namkumbuka mmoja. Aliachwa ale peke yake mpaka akaacha kazi.

Kwa hiyo Kiguu-na-Njia, mkuu wa meza ya nne, alifanya kama inavyofanywa. Simu za wafanyakazi hufungiwa getini kwenye sanduku la mbao, tangu ilipofuliwa simu moja pamoja na mashuka ya hospitali. Akachukua daftari, akapita meza kwa meza wakati wa chai, akaeleza, kila mtu akakubali kwa mdomo wake na kutaja jina lake kamili. Siku ya mapumziko akakaa, yaani akasimama, kwenye dirisha la jikoni kwake akayaingiza majina yote mia mbili na saba ya wenzake, moja baada ya jingine. Kila mara mtandao ulimtaka namba ya simu, naye kila mara akaweka yake, kwa kuwa yeye ndiye waliyempa kauli. La kwake aliliacha liwe la mwisho, kama adabu inavyotaka. Alipolifikia, mtandao ukakataa.

Siku mbili baadaye wakili alimpigia. Nilikuwapo, simu iko mezani, sauti imefunguliwa.

"Mama, umeweka majina mia mbili na saba kwa namba moja?"

"Ndiyo. Mimi ndiye mkuu."

"Mkuu wa nini, mama?"

"Wa meza."

Wakili akaeleza polepole, kama anayefungua bandeji. Namba moja ni saini moja. Msemaji wa wenye viwanda ameipata habari, na ameichapisha pamoja na mchoro wa mwanamke mwenye mikono mia mbili. Watu wanacheka. Wanasema saini zote elfu arobaini za Ukaguzi Ubaki ni za namna hiyo. Vyama kumi na saba vimekutana na vimekata shauri kuyafuta majina ya dobini na kuomba radhi hadharani.

Shemeji yangu alikuwa ameshika beseni. Aliliweka chini.

"Futeni," akasema. "Lakini niambie, katika hao elfu arobaini, nani mwingine anasimama karibu na boila?"

Wakili alisema orodha inafungwa keshokutwa saa sita mchana. Kabla ya hapo, kila mtu akithibitisha kwa simu yake mwenyewe, kwa namba ya siri inayotumwa na mtandao, majina yatabaki na aibu itawarudia wenye viwanda. Ila namba ya mama imefungiwa. Yeye hawezi kusaini tena.

"Mimi si kitu," akasema Kiguu-na-Njia. "Mimi wananijua."

Jioni hiyo aliwaambia wote wakathibitishe nyumbani. Asubuhi wakili akamletea hesabu: watu kumi na mmoja. Huyu simu ilikuwa na mumewe, huyu haikuwa na chaji, huyu alikosa mtandao, huyu namba ya siri ilikuja wakati anaogesha mtoto na baada ya dakika tano ikafa. Usilaumu mpaka umeona maisha ya mtu anayerudi nyumbani baada ya saa kumi za kusimama. Yeye hakulaumu. Alikwenda huku na huku uani mwangu hadi kuku wakatafuta pa kukaa, kisha akasema watathibitisha wakiwa pamoja, getini, kesho saa nne, wakati wa chai. Wakili atawaazima kifaa chake cha intaneti. Akanitaka nami nije na miwani yangu kuwasomea tarakimu akina mama wenye macho mabovu.

Lilibaki sanduku, na ufunguo wa sanduku uko kwa mlinzi, ambaye ameamriwa asilifungue hadi mwisho wa zamu. Kumwomba hakukuchukua muda. Mlinzi alikuwa mmoja wa waliozoea kufungua chupa ya chai kwa filimbi. Asubuhi ile tulipofika, kufuli lilikuwa linaning'inia wazi.

"Nimesahau kulifunga tangu alfajiri," akasema, akitazama barabarani. "Uzee huu."

Saa nne kasoro dakika moja ukumbi ulimwagika. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakitembea haraka bila kusukumana. Waliokuwa na simu walichukua simu zao, na wasiokuwa nazo, kama thelathini hivi, walisimama tu kwenye mstari, hawakutaka kuachwa nyuma. Kifaa cha wakili kiliwekwa juu ya sanduku. Wote wakaomba namba ya siri kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo mtandao ukajikunja kama konokono. Dakika tano, hakuna. Dakika ya nane namba zikaanza kuja, moja moja, simu inalia huku, inalia kule. Mimi nilikuwa nasoma tarakimu kwa sauti mpaka koo likakauka. Dakika kumi na tano kengele ya kurudi kazini ikapigwa. Hakuna aliyeondoka. Mnyapara akatoka, akaita, akataja majina, akatishia. Bibi mmoja wa meza ya kumi akamwambia asubiri kidogo baba, nambari ziko njiani, wala hakuinua macho.

Kiguu-na-Njia alikuwa anapita mstari mzima, anahimiza, anashika mabega, anarudi. Ghafla akasimama. Alisimama kweli, miguu yote miwili chini, na hilo peke yake lilinifanya nigeuke.

"Shemeji, saa nne na ngapi?"

Nikamwambia na ishirini.

Alikuwa ameelekeza sikio nyuma ya jengo. Nami nikasikiliza, sikusikia kitu. Pasi zote zimesimama, mvuke wote umo ndani, na hakukuwa na kitu cha kusikia. Mimi, miaka thelathini na mmoja na ile boila, nilikuwa nimeshughulika na tarakimu za bibi mmoja. Yeye akatazama mstari, uso mmoja hadi mwingine, mpaka akafika kwa mwanaume aliyeinamia simu yake karibu na nguzo ya geti.

"Nani yuko na boila?" akamuuliza.

"Nasubiri namba, mama," akasema Mtaalamu.

Alikuwa ameacha mlango wa hewa wazi. Alitaka awahi mstari. Sitamsema sana, alikuja kutia saini ili boila ikaguliwe, na kwa ajili hiyo akaiacha peke yake na moto uliojaa.

Tulikimbia. Goti langu halikimbii, lakini siku ile lilikimbia. Kibandani mshale wa geji ulikuwa umepita mstari mwekundu kwa upana wa vidole viwili, na unaendelea kwenda, taratibu, kama mshale wa dakika. Nikamwambia Mtaalamu afunge hewa, autoe moto kwa reki, wote, mpaka kaa la mwisho. Kisha nikainua macho. Mkono wa filimbi ulikuwa umefungwa kwa waya. Ulikuwa waya uleule wa kufungia marobota, mizunguko mitatu, umepindwa vizuri kwa koleo, na una vumbi la miezi. Hapo usiguse. Vali iliyolala hivyo, ukiishtua presha ikiwa imepanda, hujui itaamkaje. Moto tulikuwa tunautoa, lakini mvuke uliokwisha kupikwa ulihitaji mahali pa kwenda, na mahali pa kwenda palikuwa pamoja tu: kwenye pasi za ukumbini.

Nikageuka kumwambia. Hakuwapo. Ameshaelewa.

Aliingia ukumbini peke yake akaanza na meza ya nne, iliyo karibu na ukuta. Alikanyaga pedali, pasi ikapiga chafya, akahamia ya tano, ya sita, akazunguka mwisho wa mstari, akarudi kwa upande wa pili. Meza ishirini na sita, pedali ishirini na sita, kisha mwanzo tena. Hakuna mkono wa pili wa kumsaidia, maana alikuwa amempigia mlinzi kelele afunge geti asiingie mtu. Ukumbi ukajaa mvuke mweupe hadi darini. Kibandani sikuwa namwona, nilikuwa nazisikia chafya tu, moja, nyingine, nyingine, na kwa kila moja naukazia macho mshale. Ulisimama. Ulikaa pale kitambo kirefu kuliko ndoa yangu. Halafu ukarudi nyuma kwa unene wa ukucha.

Mtaalamu alikuwa amekaa chini juu ya majivu, machozi na jasho vimechanganyika, simu bado i mkononi. Namba yake ya siri ilikuwa imefika na imeshakufa. Nikamwambia kama simu hiyo ina kazi yoyote duniani, basi apige picha ya ule waya. Akapiga.

Orodha ilipofungwa saa sita, waliothibitisha dobini walikuwa mia moja sitini na tisa. Jina la Kiguu-na-Njia halimo. Nimeiona orodha, nimeisoma yote kwa miwani hii.

Haya, sasa hiki ndicho walichokisimulia. Mmoja wa akina mama alikuwa amepanda juu ya sanduku la simu akarekodi kupitia dirisha la ukumbi lililo karibu na geti. Sekunde ishirini na nane: mwanamke wa makamo ndani ya mawingu, anaruka kutoka meza hadi meza na kukanyaga. Kabla ya jua kuzama mtu asiyemjua alikuwa ameitilia muziki. Watu laki mbili walimtazama shemeji yangu akiokoa maisha ya watu mia mbili na wakadhani anacheza. Wakaiga. Niliwaona watoto wa mtaani kwangu wakikanyaga hewa. Wakili na wenzake ikabidi waikimbilie, wakaibandika pamoja na picha ya waya na maneno machache, na hapo kicheko kikakatika. Saini elfu arobaini hazikuwahi kufanya kilichofanywa na waya ule. Nani aliufunga, mpaka leo hajasemwa. Mnyapara anasema alikuta, Mtaalamu alikuta, mwenye kiwanda hajawahi kuingia kibandani tangu amrithi baba yake, na hilo nalisadiki.

Kamati ikaondoa kifungu cha boila. Cha lifti na cha mizani ya sokoni vikabaki, vikapita. Muungano ukavunjika wiki hiyohiyo. Akina mama wa sokoni wanasema waliuzwa. Shemeji yangu akienda kununua nyanya, mwenye meza anampimia kwa mizani isiyo na muhuri, naye analipa.

Mkaguzi alikuja. Kijana mwenye kibao cha kioo mkononi, hana nyundo. Nilijiandaa kumdharau, lakini alizima boila siku mbili na akaingia kwa tumbo. Alipotoka alisema bati la nyuma limelika, akafunga kiwanda wiki tatu. Kuna meza mbili ambazo mpaka leo hazimwamkii Kiguu-na-Njia kwa ajili ya wiki zile tatu. Wanasema kama asingekuwa na kiherehere wangekuwa kazini. Ni kweli. Labda wangekuwa kazini.

Bati lilibadilishwa. Badala ya kupiga mwaka kwenye shaba, kijana alibandika stika yenye mraba wa vidoti. Akaamuru pia liwepo daftari, geji isomwe kila saa, na anayesoma awe amefaulu mtihani na atie saini yake mwenyewe. Mtaalamu alishindwa mara mbili, akarudi ghala bila kinyongo. Mwenye kiwanda akamtoa Kiguu-na-Njia ukumbini, akampeleka kibandani, kwenye joto na masizi. Alidhani anamwadhibu. Mimi nilimfundisha jioni kumi na nne, yeye amesimama, mimi nimekaa.

Sasa anatia saini mara kumi kwa siku. Nimemwachia kiti changu kule kibandani, nilichokalia miaka thelathini na mmoja. Amekifanya mahali pa kuwekea daftari. Na kila saa nne kamili anauvuta mkono wa filimbi kuijaribu, kelele inafika mtaa wa tatu kama zamani, na mwenye duka anafungua soda.

Jana ilichelewa dakika mbili. Nilikuwa nimeshavaa viatu.